Jina Haitoke mu Bureau

Mbele ya yote niseme wazi: Marie-Jeanne Syauswa ni mwanamuke muoga. Anaogopa imbwa, anaogopa radi, anaogopa basoda na bunduki zao, anaogopa hata kuvuka barabara fasi bamotari banapita na pikipiki zao, na kumbe yeye njo sekreteri wa syndicat, chama ya bamotari. Miye Mwanvua, mushonaji, niko na mashini yangu ku mulango ya bureau yabo, ofisi ya syndicat, huku Kimemi mu Butembo, na ninamujua kupita bale benye banamusifu leo. Hapana kubasikiliza bakisema eko na roho ya nguvu. Ile siku ya kuku, yenye nitawaeleza, miye nilikuwa pale, na niliona vile woga ilimushika.

Alizaliwa Alimbongo, kwa balimaji ya biazi. Bwana yake alikufa na ugonjwa, akamuachia mutoto mumoja, Bénie. Kazi ya syndicat aliipata ju anaandika muzuri, na ju hakuna mutu anawezaka kugombana naye: anazungumuza pole pole, na mutu mukali anaishia kusikia haya. Miye hapana vile. Miye mutu akinikanyaga, anasikia siku ile ile.

Kazi yetu iko hivi. Kila motari anavaa gile, kakoti bila mikono, na ku mugongo ya gile kuko namba. Miye njo ninashonaka ile namba. Mutu akisahau muzigo wake ku pikipiki, ao motari akimukosea heshima, anashika namba mu kichwa na kukuja ku bureau. Marie-Jeanne njo anachunga siri ya kila namba ni ya nani. Na jina peke yake haisaidie kitu huku kwetu. Banande, batu ya huku, banapatiaka mutoto jina kufuatana na kama ni wa kwanza, wa pili ao wa tatu kuzaliwa, donc karibu kila nyumba iko na Kambere wake. Ju ya kubatofautisha, syndicat inaomba kila motari jina ya baba, kijiji ya asili, quartier, ni kusema mutaa, anakaa, na telefone ya bibi yake. Ukiwa na hiyo yote uko na mutu mwenyewe, na bibi yake, na fasi batoto yake banalala.

Na miye hakuniambiaka kitu. Ananipa namba, ninashona, basi. Nilimuuliza mara mingi: "Hii ni ya nani, yaya?" Anacheka kidogo: "Ni ya mutu eko na mugongo." Ilinikasirisha kabisa. Tunakula sombe mu sahani moja, Bénie ananiita mama mudogo, na jina ya motari ananinyima? Nilimuambia anajifanya sawa ministre. Akasema: "Mwanvua, kitu haukijue, hakuna mutu atakupiga ju yake." Nikakasirika tena zaidi, siku mbili sikumusalimia.

Mais kulikuwa sababu. Mbele yeye aingie ku kazi, komite ilikuwa inaweka byote mu groupe ya WhatsApp. Motari akikawia ku barabara ya kuenda muji ya Beni, banatuma foto yake, jina, quartier, telefone ya bibi, ju mwenye kumuona aite ku telefone. Ilikuwa mapendo, hapana ubaya. Kisha batu habajulikane bakaanza kuita bale banamuke: "Bwana yako tuko naye mu pori, tuma feza." Kumbe bwana mwenyewe eko Beni, telefone yake imezimika, anakunywa chai. Mama mumoja aliuzisha mbuzi zake zote ju ya bwana mwenye alirudia mangaribi anapiga muluzi. Marie-Jeanne alipoingia, alifunga ile groupe. Akaweka sheria moja: jina haitoke mu bureau kama mwenyewe hakukubali. Makaratasi ya bamotari akayatosha mu kabati, akayapeleka fasi sijui mpaka leo. Batu bakamuita mugumu. Miye wa kwanza.

Sasa tufike kwa Kambere. Jina yake ninaitaja bila woga, ju mu Butembo mutatafuta Kambere mpaka muzeeke. Namba yake njo sitasema. Siku moja alikuwa anatoka Beni, asubui. Mwanamuke akatoka mu majani, bila biatu, kamba ingali ku mukono. Batu ya pori, bale benye silaha, balimukamata ku shamba lake, na yeye akabatoroka. Kambere hakuuliza kitu. Alimupandisha, akakaza pikipiki mpaka kwabo ule mama. Nyuma alisikia batu banapiga kelele, akajua balishaona namba ku mugongo yake.

Alifika ku bureau analia. Hayo yote nilikuja kuyajua kisha. Siku ile niliona tu Marie-Jeanne anatoka na gile muzuri, ingali mupya, anaiingiza mu mbabula yangu, juu ya makala. Nikamuuliza kama amepata wazimu, anaunguza kazi ya mikono yangu. Alinipa gile ingine na namba ingine, akasema: "Shona." Uso yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikashona, ninanungunika.

Siku zikapita. Kisha mvua ikanyesha, ile mvua yetu ya Butembo yenye haiombe ruhusa, nikaingiza mashini yangu ndani ya bureau. Ni vile nilijikuta pale. Mwanaume akaingia, musafi, kofia mu mukono, na chini ya kwapa kuku mukubwa, miguu imefungwa. Akatusalimia mu Kinande, na heshima yote. Akaikala fasi Marie-Jeanne alimuonyesha.

"Mama," akasema, "nimefika kusema wasingya. Kuko motari mumoja wa kwenu aliokoa dada yangu ku barabara ya Beni. Famiye yote inamushukuru Mungu. Hatujui jina yake, mais dada alishika namba ya gile."

Akaitaja. Ilikuwa namba yenye iliungua mu mbabula yangu. Hapo njo nilianza kufahamu.

Lazima niwaeleze kitu. Ku Banande, shukrani ya namna ile, wasingya yenyewe, haipewe njiani. Unaibeba mpaka ku nyumba ya mutu, bibi yake anaona, batoto banaona, unaikala, unakula kidogo. Kufungia mutu mulango na kuku yake mu mukono ni matusi. Kama huyu papa alikuwa mukweli, basi tulikuwa tunamutukana mbele ya Mungu. Na kama alikuwa muongo, alichagua uongo wenye hakuna mutu mu muji hii anaweza kuukatalia.

Marie-Jeanne akasema: "Aksanti, papa. Uache kuku hapa, syndicat itamufikishia."

"Mama, kuku ya wasingya inaachwaka ku bureau?"

"Basi nimuite, akuje, muonane hapa hapa."

"Hapana kumusumbua mu mvua. Unionyeshe tu quartier, nitaulizia mbele."

"Quartier siwezi kusema, papa. Ni sheria yetu."

"Sheria ya kukataza batu kushukuru?" Alikuwa anacheka, na huku anaangalia kabati. Miye niliona vile anaangalia kabati. Marie-Jeanne alikuwa anavuta kitambaa yake ku mabega. Niliomba Mungu mutu mwingine aingie.

Mungu akanisikia vibaya, ju mwenye aliingia ni président wa syndicat, Timothée Kahongya. Ni mutu muzuri, sisemi kitu, mais anapenda kuheshimiwa na bageni, kinywa yake haina mulango, na namba za bamotari ya zamani anazijua tangu wakati ya ile groupe. Ule papa akasimama, akamusalimia na mikono mbili, akaeleza tena habari yake yote. Président akafurahi, akamugeukia Marie-Jeanne.

"Madame, unafanyia mugeni nini? Batu batasema syndicat yetu iko na roho mubaya. Ile namba si ni ya Kambere, yule wa..."

Marie-Jeanne akapiga kofi ku meza. Ule mwanamuke anakimbiaka imbwa, akapiga kofi ku meza mbele ya chef wake. "Président, nyamaza."

Mais maji ikimwangika haizoleki. Ule papa akaweka kuku muzuri chini ya kwapa, akauliza pole pole: "Kambere. Kambere yupi?"

"Tuko na Bakambere bengi," Marie-Jeanne akasema. "Ule wa ile namba alirudisha gile. Hayuko tena wa kwetu."

"Hakuna neno." Akavaa kofia. "Mungu akulinde, Mama Bénie."

Ku bureau hakuna mutu anamuitaka vile. Ku bureau ni Madame. Mama Bénie ni ku nyumba, ku robinet ya maji, ku misa. Alitoka mu mvua bila haraka. Miye nilikuwa nimejichoma sindano ku kidole, sikujua mpaka nilipoona damu ku kitambaa. Marie-Jeanne aliikala chini, ku simenti.

Aliita Kambere ku telefone. Kambere akaita famiye ya ule mama aliokoa. Bakajibu hawakutuma mutu, na tena ule mama hana kaka. Président Timothée alivua kofia, akasema alitaka tu kumuheshimia mugeni, na machozi ikamutoka. Siku ile ile Kambere akaondoka na bibi na batoto. Président akauliza banaenda wapi. Marie-Jeanne akasema hatasema. "Hata kwa miye?" "Weye wa kwanza." Sikucheka, mais siku ingine ningecheka. Président akaenda kubaambia bakubwa ya usalama, bakasema banafuata.

Kesho yake telefone ya Marie-Jeanne ikalia. Akaiweka ku meza na kufungua sauti, na miye nikasikia byote. Ni ule ule, na heshima yake ile ile.

"Mama Bénie, na weye hatuna neno. Utuambie tu Kambere yupi. Bénie anapitiaka nyuma ya mashini ya kusaga akienda ku masomo, si vile? Na kale kasakosh kake ka kubebea madaftari, ka rangi ya majani."

Wallahi niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sitawadanganya: nilimufanyia ishara na kichwa, aseme. Aseme jina, aseme quartier, amalize. Kambere si ndugu yetu, na Bénie nilimubeba ku mugongo tangu eko na wiki moja. Marie-Jeanne aliniangalia. Kisha akakata telefone.

"Kambere naye eko na batoto," akasema. Kisha akauliza: "Ibrahim anapakia gari leo?"

Ibrahim ni bwana yangu, anaendeshaka gari ya mizigo. Nikasema ndiyo, leo.

"Mubebe Bénie. Muende naye kwa batu yenu, fasi munajua nyinyi. Na hapana kuniambia ni wapi."

"Yaya, weye ni mama yake."

"Ni ju ya ile. Bakimukamata yeye, nitataja Kambere mbele bamalize kuuliza. Na bakinikamata miye, bakinipiga kidogo tu, nitabaambia fasi Bénie eko. Ninajijua, Mwanvua, niko muoga. Donc lazima nisijue. Hata nikikuomba, usiniambie. Hata nikikulilia."

Nilimufungia mutoto nguo zake mu kitambaa. Bénie alilia, akauliza ju ya nini mama hakuji kumuaga ku gari. Mama yake alishamukumbatia ndani ya bureau, akafunga mulango, na miye niliona ku dirisha vile alisimama: uso ku ukuta, mikono ku masikio, ju asione gari inakamata barabara gani, asisikie hata inageukia upande gani.

Sasa miezi imepita. Ule papa aliita tena, kisha akaacha, na hatujui kama aliacha ju alichoka ao ju anangojea. Marie-Jeanne anakuja ku kazi kila asubui, anajibu batu pole pole, na pikipiki ikisimama kwa nguvu ku mulango, anashtuka mpaka bic yake ya kuandikia inamuanguka. Bénie eko muzima. Fasi eko, na nyinyi munaosoma sitawaambia.

Jana alikuja ku mashini yangu. Bamotari balikuwa pale, banangojea gile zao. Akainama ku sikio yangu: "Mwanvua, uniambie tu upande. Ni upande ya Beni, ao upande ya kwetu Alimbongo? Upande tu, hapana muji." Alikuwa analia mbele ya batu bote, na hakujipanguza.

Niliangalia kitambaa. Nikamuambia: "Anakula muzuri. Meno yake ya mbele imeanza kuota." Nikakanyaga mashini, nikaendelea kushona.