Maji Tumboni mwa Nasieku

Yuditha Semboja, nesi kutoka Mashewa, hakuwa na dogo. Wagonjwa walimpenda kwa mikono yake, na walimkimbia kwa sababu ya mdomo wake.

Mwaka 1993 wafadhili walikuwa wakipishana milangoni, kila mmoja na jaribio lake. Hospitali aliyofanyia kazi Yuditha, huku Korogwe, ililetewa mpira mwembamba wa kuokoa vichanga ambao figo zao zimegoma. Maji ya dawa yanaingizwa tumboni, yanakaa kidogo, kisha yanafunguliwa yatoke na sumu, yaingie mfuko uliofungwa mwisho wa mpira.

Wa kwanza kuwekewa alikuwa Nasieku, wa miezi mitatu, aliyeletwa kutoka Kwaluguru. Alikuwa ameharisha mpaka akaishiwa maji mwilini, na siku mbili hakuwa amekojoa. Baba yake, Kisioki, aliuliza mara tatu maji hayo yatatokea wapi.

"Baba Nasieku, tuachie wenye kazi," Yuditha akamkata.

Hapo alikosea, tena vibaya. Mfugaji humfichi habari za tumbo.

Kesho yake asubuhi, daktari akiwa safarini Handeni, maji yaliingia yakakataa kutoka. Tumbo likakaza kama ngoma, mtoto akawa anahema kwa shida. Sasa Kisioki ametoboa ndama wangapi waliovimbiwa? Unachoma ubavu wa kushoto, hewa inatoka, ndama anasimama. Akachomoa sime.

Yuditha aliidaka kwa mkono mtupu. Jamani, sime! Ilimkata vidole mpaka mfupa. Kisioki akambamiza ukutani, akamkaba koo. Chupa ya dripu ikapasuka sakafuni, damu ikarukia shuka za mtoto. Yuditha akamng'ata mkono, akampiga kwa magoti, na makali hakuyaachia.

"Nichinje mimi," alikoroma. "Huyu humtoboi. Mpira tayari uko ndani."

Kisioki akasita.

"Ndama ukishamtoboa, hewa ikikataa kutoka, mnafanyaje?" Yuditha akamuuliza.

"Tunamgeuza."

"Basi mgeuze mwanao, baba."

Akatupa sime, akamlaza binti yake kwa ubavu, taratibu. Maji yakadondoka, kisha yakatiririka mfukoni, na tumbo likaanza kushuka.

Siku ya nne Nasieku alikojoa, akaulowesha mgolole wa baba yake. Kisioki akalia mbele ya wodi nzima, mwanamume mzima, wala hakuona haya. Yuditha naye alilia, ila peke yake, chumba cha dawa. Alikuwa amejaribu kushika sindano, na vidole viwili vimekataa kukunja.