Amina Yangu Ilishinda Zote

Juzi Bungoma mjini, msichana wa duka la simu aliangalia kitambulisho changu, akashusha sauti kama anaongea na nyanya yake. "Kukhu, laini saba zimesajiliwa kwa jina lako. Zote zako?"

"Saba za nini? Mimi niko na moja tu, ya kuongea na wajukuu."

"Basi mtu akitapeliwa nazo, polisi watakuja kwako."

Jirani yangu wa Kabuchai alikuwa nyuma yangu. "Si ni yule wa mbolea?"

Yule alikuja kanisani kwetu, ati anaandikisha wakulima wapate mbolea rahisi. Alitusalimia kwa Kibukusu, akafunga macho, akatuombea mpaka wengine wakalia, nasi tukaitikia amina. Kisha akapiga picha vitambulisho na kuchukua alama za vidole. Jirani yangu alikataa. Mimi ndiye nilimgeukia mbele ya watu: "Mama, usituaibishe. Huyu ni mtoto wa Mungu." Akatoa.

Sasa naye aliweka kitambulisho chake kwa kaunta. Laini tisa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumapili nitasimama kanisani mbele ya wamama wale wale, niwatume wakaulize laini zao. Siku ile amina yangu ilisikika mpaka barabarani. Habari hii nayo sitainong'ona.