Mashine Isiyokosea ya Mama Glavu

Pale kambini hakuna aliyemwita mhandisi kwa jina lake. Aliitwa Mama Glavu, na jina hilo alijipatia mwaka wake wa kwanza kazini, alipoingia kwenye gereji ya magari ya deraya akaomba apewe glavu chafu za madereva. Mafundi walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye alizivaa, akakaa kwenye kiti cha dereva, akajaribu kuwasha taa. Kikalia king'ora. Akajaribu tena, kikalia tena.

"Mnawapa madereva adhabu za bure," aliwaambia. "Kidole chenye glavu ni kinene. Hivi vitufe vyenu ndivyo vya kuwekwa mahabusu."

Vitufe vikatenganishwa, king'ora kikanyamaza, na dada wa watu akapewa ajira ya kudumu. Tangu hapo kazi yake ikawa kupatanisha watu na mashine, na alikuwa na desturi moja ambayo hata Kanali, mkuu wa kambi, hakuweza kuing'oa: hakuna mwanafunzi anayefelishwa kabla yeye hajakaa ubavuni mwake na kumtazama macho. Mumewe, fundi cherehani, hakuacha kumtania.

"Mimi napima watu viuno, wewe unawapima vidole," alikuwa akisema. "Ila wangu wakibanwa wanasema. Wako wanapiga saluti."

Miaka thelathini ilikatika hivyo. Ikabaki wiki moja astaafu, na fahari yake kubwa ilikuwa chumba cha mazoezi alichokibuni mwenyewe: kiti, skrini tatu, na mashine inayotambua magari yanayokuja. Gari la adui huzungushiwa fremu nyekundu, na mwanafunzi hubonyeza kitufe kufyatua. Ukiwahi, alama zinapanda. Kanali alikipenda chumba hicho kupita kiasi, na kila mgeni alipelekwa huko kwanza, hata kabla ya kupewa maji.

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili. Kumi na mmoja walifaulu, wakabonyeza ndani ya sekunde moja. Wa kumi na mbili, msichana waliyempachika jina la Konokono, alitumia sekunde nne, na Ijumaa alitakiwa kurudishwa kwao. Mama Glavu akavuta kiti, akakaa ubavuni mwake kama kawaida. Aliona macho ya Konokono yakifika kwenye fremu, kisha yakishuka kwenye gari lenyewe, magurudumu, milango, maandishi, ndipo kidole kikasogea.

"Unaangalia nini tena, mwanangu? Mashine si imeshakuambia?"

"Ikikosea je, mama?"

"Haijawahi kuko..."

Haijawahi kukosea kwa sababu yeye mwenyewe aliipanga isikosee, ili ipendeze mbele ya wageni. Mashine za vitani zingekosea, hilo alilijua fika. Mwaka mzima alikuwa akiwalipa vijana alama ili waache kutazama. Aliona aibu, aibu ya kweli, na jioni akaenda nayo nyumbani.

"Nguo ikimbana mteja mimi naifumua," mumewe alimwambia aliposimuliwa. "Sijawahi kumwambia akapungue."

Alhamisi asubuhi Mama Glavu alipenyeza uongo kwenye mashine: gari la wagonjwa, lenye alama kubwa ubavuni, ndani ya fremu nyekundu. Wote kumi na mmoja walilifyatulia. Konokono aliliacha lipite.

Kanali akaja kudai orodha ya matokeo isainiwe. Mama Glavu, bila kumwambia lolote, akamkaribisha kitini. Mzee hakungoja kubembelezwa; fremu nyekundu ilipotokea tu, akabonyeza.

"Chini ya sekunde!" alijigamba, akageuka kutafuta makofi.

Mama Glavu akairudisha picha nyuma. Kanali akaiona ile alama. Tabasamu likafutika.

"Nani ameharibu mashine?"

"Mimi, afande. Ila si leo. Niliiharibu nilipoipanga isikosee kamwe."

"Na hao vijana?"

"Wamefanya kama ulivyofanya wewe. Mimi ndiye niliyewafundisha. Orodha siisaini."

"Kesho ndiyo sherehe yako ya kuagwa! Hotuba yangu nimeshaiandika, kurasa tatu!"

"Hizo kurasa tatu nimeziponea chupuchupu. Nipe miezi sita, afande, niwafundishe upya."

Kanali akavua kofia, akasema apewe hiyo miezi sita.

Mama Glavu akatoka hadi ukumbini. Konokono alikuwa amekaa juu ya begi lake, kila kitu kimeshafungwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Si nimefeli?"

"Aliyefeli ni mwalimu wako," Mama Glavu alisema, akakaa sakafuni karibu naye. "Anarudia darasa Jumatatu, na anaomba umsaidie."