Mama Ramani na Nahodha Mwenye Sahani

Saa tatu asubuhi, mwanamume mwenye mwili mkubwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika sahani kwa mikono miwili. Sahani haina kitu. Anaizungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, macho kwenye kitabu kilichofunguliwa juu ya stuli mbele yake. Ukimkuta hivyo bila kuambiwa, utamwonea huruma.

"Boya jekundu nimelipita," anasema. "Naikaribia kona."

Mwanamke aliyechuchumaa pembeni ameshika ncha ya ukurasa. Kazi yake ni kugeuza pale tu atakapoambiwa. Ofisini wanamwita Mama Ramani. Mwenye sahani ni mdogo wake wa tumbo moja, nahodha wa boti ya mizigo, na leo ndiye hakimu wake.

Wapimaji wa mto hupita na vyombo vyao, data zikaingia kwenye kompyuta, na manahodha wakazitazama kwenye skrini. Mama Ramani huzichukua data hizohizo na kuzigeuza kuwa kitabu cha karatasi. Skrini huzimika, na boti iliyo katikati ya mkondo haiwezi kungoja betri ijae.

"Watu wanadhani nabonyeza kitufe halafu printa inatapika ramani," anasema huku akicheka. "Kwenye skrini, nahodha asipoona vizuri anakuza. Karatasi ataikuza na nini, mate?"

Kwa hiyo namba za kina cha maji, ambazo kwenye karatasi hurundikana, yeye huzichambua. Panapobanana hubakiza namba za kina kidogo tu, kwa kuwa penye maji mengi hapamkwamishi mtu. Hilo halijawahi kumpa shida.

Kilichomtoa jasho ni kuukata mto. Katika toleo lake la kwanza aliugawa vipande vya urefu sawa, ukurasa kwa ukurasa, kitabu kikatoka kimenyooka kama sare ya shule. Alikipenda mno, hata akakipeleka nyumbani kumwonyesha mumewe.

Wiki hiyohiyo mdogo wake aliingia ofisini viatu vikiwa vimelowa, hakusalimia mtu, akakiweka kitabu mezani.

"Dada, umenikata kwenye kona."

Ukurasa mmoja uliishia katikati ya kona kali kuliko zote. Nahodha aliachia usukani kwa mkono mmoja ili afunue unaofuata. Alipoinua macho, boti ilikuwa imeshapanda fungu la mchanga. Hakuna aliyeumia, ila shehena ya saruji ilikaa pale mpaka boti nyingine ilipokuja kuwavuta.

"Alinishushua mbele ya wenzangu wote, na alikuwa na haki," anasema Mama Ramani. "Niliumia, sitaki kukudanganya."

Habari zikasambaa, manahodha wakaanza kurudisha vitabu. Mkuu wa kitengo akamweleza waziwazi kwamba atamruhusu toleo moja tu zaidi. Likikataliwa, printa itahamishiwa idara nyingine, naye atahamishiwa mapokezi.

"Mapokezi? Mimi?" anauliza, mkono kifuani. "Hiyo ni kunizika huku napumua."

Jibu alilipata jikoni kwake. Alikuwa anafuta sahani, simu ikaita, akagundua hana mkono wa kuipokea. Kesho yake alikuja na sahani kazini. Tangu hapo kila sehemu anayokata huijaribu kwa nahodha aliyeshika sahani hiyo badala ya usukani. Akilazimika kuiachia akiwa konani, ukurasa umekatwa vibaya, unarudi kwenye kompyuta.

Sasa kila ukurasa unaishia mahali mto uliponyooka. Mmoja umebeba kipande kirefu, mwingine kifupi. Mumewe alipouona mpangilio huo aliuliza kama printa imekunywa.

Ofisini asubuhi hii, sahani inaanza kuzunguka tena. Kona ni ileile iliyomkwamisha. Mkuu wa kitengo amesimama mlangoni. Kidole cha Mama Ramani kiko tayari kwenye ncha ya karatasi.

Sahani inazunguka kushoto mpaka mwisho, inatulia, inarudi taratibu. Fungu la mchanga limepitwa. Mnara wa maji ulio ukingoni umepitwa, mto umenyooka. Nahodha ananyoosha mgongo, anatoa mkono mmoja kwenye sahani, anajikuna ndevu bila haraka.

"Geuza, dada."

Mama Ramani anageuza. Kisha anakaa sakafuni palepale na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Tuanze na vitabu vingapi?" anauliza mkuu wa kitengo.

"Cha kwanza changu," anadakia nahodha. "Hata wino ukiwa haujakauka nitakichukua."

Printa inabaki. Mama Ramani tayari anaipigia hesabu sehemu ya juu ya mto, ambayo haijawahi kuchapishwa kwenye karatasi, na ambako kona moja huzaa nyingine.

"Huko tutapimana ubavu," anasema, akimtazama mdogo wake anayetaka kuinuka. "Kaa hapohapo. Ulinishushua mbele za watu. Utaishika sahani hiyo mpaka tufike chanzo cha mto."