Bango la Helikopta Katonga

Yule bwana wa matangazo sijamsamehe, na sina mpango huo. Alikuja ufukweni kwetu Katonga asubuhi, dagaa wetu wabichi wakiwa wameanikwa kwenye vichanja, akatandaza bango lake refu la kitambaa mchangani kama yuko sebuleni kwake. Hata shikamoo hakumpa mama yangu. Chini ya bango akafunga chuma kizito, eti lisijisokote angani. Juu akafunga kamba ya kuvutwa na helikopta.

Mama akamwambia, “Mwanangu, hilo dude litatumwagia mchanga. Vichanja tumevijenga kuukimbia huohuo.”

“Dakika mbili tu, mama.”

Helikopta ikashuka kuchukua kamba. Upepo wake ukazoa mchanga wa ufukwe mzima, ukawagandia dagaa kama unga. Na wanunuzi wetu hutafuna dagaa mmoja kwanza. Akikwaruza meno, wanaondoka.

Bango likapaa, likanyooka juu ya ziwa. Yule bwana akatuomba tupige makofi. Mimi nikatafuna dagaa mmoja, kisha nikamsomea bango lake kwa sauti, mchanga ukinikwaruza meno: “Dagaa wa Kigoma. Safi. Hawana mchanga.”