Walinichagulia Dar

Mimi si daktari. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, bado wapo wanaoniita "docteur" kwa utani, na kila nikiwasikia damu inanichemka. Nilimaliza sekondari katikati ya vita, nikiwa na alama nzuri za biolojia na kemia, na duniani nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kusomea udaktari. Nafasi hiyo niliikosa bila kufeli mtihani wowote. Walioninyima ni watu walionipenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana adui ungeweza kumtukana ukapumua.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa rahisi. Ukimaliza shule unaandika masomo unayoyataka chuo kikuu, la kwanza, la pili, la tatu, shule inapeleka, halafu unasubiri kupangwa. Ukishapangwa, umepangwa. Na mjini udaktari ulisomewa mahali pamoja tu, kwenye hospitali kubwa upande wa Kamenge.

Kamenge! Miaka ile ukilitaja jina hilo nyumbani kwetu, mama anaacha alichoshika. Tulikuwa tunasikia risasi za kule tukiwa tumekaa uani. Magari ya abiria yalisimamishwa njiani, watu wakashushwa na kukaguliwa pua na urefu, na atakayeonekana wa kabila lisilotakiwa na wale waliosimama hapo, basi. Sisi Waislamu wa Buyenzi tulijiambia kwamba mambo ya makabila hayatuhusu. Mwenye bunduki hakuulizi unaswali wapi. Wazazi wangu walilijua hilo, na woga wao siulaumu. Ninachokilaumu ni walichokifanya nao.

Ijumaa moja baada ya swala, baba mkubwa alikuja nyumbani. Yeye ndiye kaka mkubwa wa baba, mfanyabiashara wa vipuri, mtu wa kwenda na kurudi Kigoma. Baba alikuwa fundi wa magari na vipuri vyake vyote vilitoka kwa kaka yake, kwa hiyo baba mkubwa akisema jambo kwetu, limekwisha. Alikunywa chai, akapangusa ndevu, akaniangalia.

"Kamenge apana," alisema. "Huyu mutoto aende Dar. Kule médecine wanasoma mu Kiswahili, luga yetu kabisa."

"Baba mkubwa, una hakika?" nikauliza.

"We, mi niko naenda Kigoma tangu haujazaliwa! Ma-docteur ya kule wote wananitibu mu Kiswahili. Unafikiri walisoma mu Kichina?"

Watu walicheka. Baba alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Na mimi, niseme ukweli, moyo uliruka. Shuleni ukishikwa unasema Kiswahili unapigishwa magoti mbele ya darasa. Mjini, kumwita mtu Mswahili ilikuwa sawa na kumwita muongo na mwizi. Miaka yote hiyo nilikariri ini na figo na mapafu kwa Kifaransa, nikiona aibu ya maneno ya mama yangu. Sasa naambiwa kuna nchi, ng'ambo tu ya ziwa, ambako maneno hayohayo ndiyo ya profesa. Nani asingetaka?

Lakini sikuwa mjinga. Nilisema niandike kote, hapa na Dar, kutakakonikubali nitakwenda. Baba akatikisa kichwa.

"Ukiandika hapa watakuita," alisema. "Na wakikuita, mama, utaenda tu. Mi nakujua."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake, na jina hilo alilitumia kila alipotaka nisibishe. Nilibisha hata hivyo. Nilibisha siku nzima, nikalia, nikagoma kula. Asubuhi ya kuandika masomo baba alikwenda na mimi shuleni, akakaa kando yangu kwenye benchi na mikono yake yenye grisi, akanitazama nikiandika uchumi, sheria, kilimo. Udaktari haukuwemo. Mwalimu wangu wa biolojia alisoma, akaniangalia mimi, akamwangalia baba, akaiweka karatasi juu ya zile nyingine. Huyo naye nilimkasirikia. Si angesema hata neno moja!

Baba mkubwa alibeba vyeti vyangu, akavuka ziwa, akapanda treni. Mtaani wakaanza kuniita docteur. Mama alinishonea vitenge viwili vya kusafiria. Wakati tukimsubiri, majina ya chuo chetu yalitoka: nilikuwa nimepangwa uchumi. Msichana niliyekaa naye dawati moja, ambaye alama zake nilikuwa nazishinda, alipangwa udaktari. Nilimpongeza vizuri, nikarudi nyumbani nikafunga mlango.

Baba mkubwa alirudi mchana, amechoka, kanzu imejaa vumbi. Aliweka bahasha yangu mezani, vyeti vyote ndani. Baba, mama na mimi tulikaa tukimtazama.

"Yule kijana wa ofisi ni mutu muzuri sana," alianza. "Alinipatia kiti, akaniita mzee. Akanielezea pole pole, Kiswahili safi, mpaka mi nikasikia aibu ya Kiswahili yangu."

"Alikuelezea nini?" nikauliza.

"Kwamba kule wanasoma mu Kingereza. Vitabu Kingereza, mitihani Kingereza. Anasema mutoto wa Kifaransa hawezi kuingia hivi hivi. Mi nikamuambia, lakini huyu anajua Kiswahili, amezaliwa nayo! Akaniambia, mzee wangu, Kiswahili haitoshi."

Mama alishika mdomo. Baba aliangalia sakafu. Wote tulijua kwamba sasa hata Bujumbura ilikuwa imenipita. Niliwachukia wote watatu, nikaichukia vita, nikamchukia na yule kijana mwenye adabu aliyempa mtu kiti ili amwambie hivyo.

Baba mkubwa hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaipapasa ile bahasha. Mzee ambaye sikuwahi kumwona akikosa la kusema alimgeukia baba na kumuuliza, taratibu, kama anayetaka kweli kujua:

"Sasa Kiswahili yetu ni ya nini?"

"Ya kuambiwa apana," nikamjibu mimi.

Baba aliniamuru niombe radhi. Sijaomba mpaka leo.