Ukili Ulionyooka

Jana jirani yangu aliloweka ukindu, na harufu ya majani makavu yaliyolowa ikanirudisha chumbani kwa shangazi, kule Temeke.

Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani nisionekane na watu. Dirisha lilizibwa kwa bati la debe. Shangazi alisema nitaruhusiwa kukaa uani jioni nikishaweza kusuka ukili ulionyooka, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kila jioni aliupitisha ukili wangu kwenye kidole gumba, akakuta mahali palipolegea, akaufumua wote.

"Anza tena, mwanangu. Mkono haujazoea."

Wenzangu walikuwa uani wakicheza rede. "We mwali!" walinichokoza kutoka nyuma ya ukuta. "Umeota mizizi humo?"

Siku moja kidole cha shangazi kilifika mwisho wa ukili bila kusita. Akacheka, akafungua mlango.

"Haya, toka ukapunge upepo."

Nilisimama. Nikaupitisha ukili kwenye kidole changu mwenyewe. Karibu na mwanzo palikuwa pamelegea kidogo, na yeye hakupahisi.

"Unangoja nini?" aliuliza.

Wenzangu walikuwa wakiniita. Nilikaa chini nikaanza kufumua.